Zamu ya Shangazi Kukaa Kimya

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, Shangazi atafunga mlango wa Chumba Namba Tisa kwa mara ya mwisho akiwa mwajiriwa wa chuo hiki, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha. Kuufunga mlango huo kunahitaji ujuzi. Unauinua kidogo kwa goti, unausukuma kwa bega, ndipo ufunguo unakubali kuzunguka. Ofisi ya Majengo iliahidi kuutengeneza tangu Shangazi akiwa na nywele nyeusi.

Cheo chake ni Mhadhiri Mwandamizi katika Idara ya Elimu, na jina lake kamili lipo, ila ukiliulizia hapa chuoni utazungushwa majengo yote bila kumpata. Jina la Shangazi alilipata wiki yake ya kwanza kazini. Mwanafunzi mgeni, aliyetoka mbali na ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kinatambaa, alimkuta koridoni amebeba ndoo na kitambaa, anakwenda kufuta ubao wake mwenyewe. Kijana akamwamkia kwa heshima zote, akamwita shangazi, akamwuliza choo kiko wapi. Akaelekezwa. Muda si mrefu aliingia darasani, akamwona shangazi yuleyule amesimama mbele na chaki mkononi, akageuka kutaka kutoka. Akaambiwa akae, kwamba kwa shangazi watu hawakimbii. Jina likashika, na limemfaa, kwa sababu shangazi ni mtu anayeweza kukusema mbele za watu na kesho yake ukamfuata mwenyewe kumpa habari zako.

Nimeombwa niandike maneno haya kwa sababu moja tu: mimi ni jirani. Nafundisha takwimu katika chumba cha kumi, na kati yangu na yeye pana ukuta wa mbao nyembamba. Yote yaliyosemwa upande wa pili nimeyasikia, nitake nisitake. Shangazi mwenyewe alipopata habari kwamba wasifu wake unaandikwa, alitoa sharti moja, kwamba usisomeke kama taazia. Nimejitahidi.

Niseme mapema pia jambo lililotunyima raha mwaka huu. Shangazi anaondoka, sawa, kila mtu huondoka. Hofu yetu ilikuwa kwamba ataondoka na somo lake. Rasimu ya ratiba ya mwaka ujao ilipotoka, Somo la Miradi halikuwemo. Mahali pake palikuwa na mhadhara wa ukumbini, wanafunzi mia tatu wakimsikiliza mtu mmoja, na mtihani mwisho wa muhula. Walioipanga ratiba hawakuwa na nia mbaya. Waliuliza swali la haki, nani mwingine anaweza kulifundisha, na katika kikao kile kila mtu aliangalia viatu vyake. Shangazi alichukua miwani yake akatoka, na sisi tunaomjua tulielewa kwamba ameumia.

Ili mwelewe kwa nini, turudi nyuma kidogo.

Alianza kama sisi wote, kwa mihadhara. Ukumbi ulijaa vijana wa kila namna: waliokulia mjini na waliokulia machungani, waliovuka mpaka kwa kibali cha masomo na waliouvuka wakikimbia, wenye dini hii na wenye dini ile, wenye lugha ambazo mwalimu hakuwahi kuzisikia. Walikaa kwa makundi ya nyumbani kwao. Wale dirishani, wale nyuma, na karibu na mlango wale ambao hawakuwa na uhakika kama watabaki. Mwishoni mwa mwaka mmoja, Shangazi alimtuma mwanafunzi ampelekee mwenzake vitabu. Wawili hao walikuwa wamekaa safu moja tangu mwaka uanze. Aliyetumwa akauliza, huyo ndiye nani?

Swali hilo lilimkaa rohoni. Akaenda kuomba chumba chenye meza badala ya ukumbi, akapewa stoo ya viti vibovu, pamoja na viti vyenyewe. Ndiyo hii tunayoiita Chumba Namba Tisa. Meza zilizopatikana zilikuwa na miguu isiyolingana, na hadi leo chini ya kila mguu mfupi pana kipande cha boksi kilichokunjwa. Mwanafunzi akilalamika kwamba meza inacheza, huambiwa aongee na wenzake wa upande wa pili waone ni nani anayeegemea mno.

Somo lenyewe linaelezeka upesi. Wanafunzi hugawanywa katika vikundi vya watu sita ambao hawakuchaguana, na Shangazi huhakikisha kwamba hakuna wawili waliotoka mahali pamoja. Kila kikundi hutafuta mtu mmoja, hapa chuoni au jirani na chuo, mwenye shida ya kweli, kisha hupewa muhula mmoja kuitatua. Mwenye shida, Shangazi husema, lazima awe hai, awe karibu, na awe na haki ya kuwafukuza. Nusu ya alama ni ya kitu walichotengeneza. Nusu nyingine ni ya namna walivyoishi wakikitengeneza: nani alisikilizwa, nani alikasirika na akaifanya nini hasira yake, nani aliomba radhi bila kusukumwa. Wataalamu huziita stadi za kijamii na kihisia. Shangazi huziita adabu ya kazini, na huzifundisha kwa ukali uleule ninaofundishia mimi wastani na mkengeuko.

Nilimbishia sana kuhusu hiyo nusu ya pili. Nilimwuliza uvumilivu unapimwa kwa kipimo gani, kwa kilo au kwa mita. Alinikaribisha tu nikae na kikundi kilichobakiza siku moja kabla ya kukabidhi kazi, ambacho gundi yake ilikuwa haijakauka na kila mtu alikuwa na wa kumlaumu. Nilikaa nao hadi mwisho. Sijamwuliza tena.

Wapo wanaokumbuka mradi wa mlinzi wa geti. Yule bwana aliomba kiti ambacho angeweza kukaa na kuona milango yote miwili kwa pamoja. Kikundi kikamtengenezea kiti cha kuzunguka, chenye mto mnene na mahali pa kuegemeza kichwa. Kilikuwa kiti kizuri kiasi kwamba mlinzi alilala fofofo, na ng'ombe wa jirani wakapita hadi bustani ya utawala wakafanya karamu. Kikundi kilipata alama za juu. Kiti kilikuwa kimeshindwa, hilo halikubishaniwa, lakini wale sita walikwenda wote pamoja kwa mtunza bustani bila kuitwa, wakapanda maua upya, na hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole. Kisha wakaondoa mto. Mlinzi hajawasamehe kwa hilo.

Lakini somo lilikaribia kufa likiwa bado changa, na kilichotaka kuliua ni rangi nyeupe.

Muuguzi mkuu wa zahanati ya chuo alikuja na shida yake. Kila asubuhi wagonjwa walijazana mlangoni. Wenye sauti na wenye kuijua lugha waliingia kwanza, na wageni na wenye haya walikaa pembeni hadi dirisha la dawa linafungwa. Kikundi kimoja kikapewa kazi hiyo. Ndani yake alikuwemo kijana aliyekuwa seremala kabla ya kupata nafasi ya kusoma, ambaye wote walimwita Fundi. Alikuwemo pia msichana aliyetoka mbali kuliko wote, mpole, asiyesema mpaka aulizwe. Huyo walimwita Mkimya.

Walikuja na wazo zuri. Mgonjwa akifika, muuguzi atamtazama, kisha atampa kibao kidogo cha mbao chenye rangi. Kijani kwa aliyekuja kuongezewa dawa, manjano kwa mwenye homa, na cheupe kwa aliyezidiwa, ambaye ataingia kabla ya wote. Nyeupe ilichaguliwa na Fundi, kwa sababu ya mashuka ya hospitali na makoti ya waganga. Alikata vibao hivyo juma zima, akavipiga msasa, akavipaka rangi mara mbili. Viganja vyake vilitoka malengelenge.

Asubuhi ya kwanza aliletwa mzee aliyekuwa akipumua kwa shida. Akapewa kibao cheupe. Mzee alikiangalia, akakigeuza, akaona upande wa pili ni vilevile, akakirudisha mezani.

“Mwanangu,” alimwambia muuguzi, “mimi bado sijafa.”

Kisha akajikongoja kwenda zake nyumbani na pumzi zake zilezile za kukatika. Ilibidi watu wawili watumwe wamfuate na kumbembeleza arudi. Alirudi, akatibiwa, akapona, lakini hadi kufikia mchana wagonjwa wengine wawili walikuwa wamevikataa vibao vyeupe, na mama mmoja alikuwa amemfunika mtoto wake kwa khanga ili asipewe. Muuguzi alivikusanya vyote katika mfuko, akaja kuvimwaga juu ya meza katika Chumba Namba Tisa. Alisema kwa upole kwamba angependa arudishiwe fujo yake ya zamani, kwa kuwa ile angalau haikuwa ikiwafukuza wagonjwa.

Kumbe katika wale sita, watatu walijua. Kwao nyeupe ni rangi ya sanda, na mgonjwa hawekewi mkononi kitu cha namna hiyo. Kila mmoja wa watatu hao aliiona kasoro, na kila mmoja alinyamaza kwa heshima. Mmoja aliona haya kumkosoa aliyemzidi umri. Mwingine aliwaza kwamba huku si kwao, wenyeji wanajua yao. Wa tatu aliona wenzake wawili wamenyamaza, akadhani basi ni yeye tu mwenye mawazo mabaya. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hapa liliharibika, tena kwa adabu tupu, kwa sababu wengi walikuwepo na hakuna aliyefungua mdomo.

Mkimya alikuwa mmoja wa hao watatu. Ndiye ambaye Fundi alimkasirikia zaidi, kwa kuwa alikaa naye meza moja muda wote akipaka rangi.

“Ulijua, ukaniacha nikate?” alimwuliza.

“Hukuniuliza,” Mkimya alijibu.

Baada ya hapo hawakusemezana tena. Fundi alihamia karakana, Mkimya akaanza kukosa vipindi, na ikajulikana kwamba anafikiria kurudi kwao. Kupitia ukuta wangu sikusikia chochote kwa siku kadhaa, na kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mkuu wa Idara wa wakati ule, mtu wa haki lakini asiyependa habari za idara yake zijadiliwe zahanati, alimwita Shangazi. Akampa muda uliobaki wa muhula. Kikundi hicho kirudi na kitu kinachofanya kazi, la sivyo somo litoke kwenye ratiba na yeye arudi ukumbini. Shangazi alipita chumbani kwangu kunipa habari hiyo, akala njugu zangu zote bila kuziangalia.

Hakumgombeza mtu. Angeweza kuwatenganisha Fundi na Mkimya, ndivyo ningefanya mimi. Badala yake aliweka kanuni ambayo imekuwa uti wa mgongo wa somo hadi leo. Siku ya kukabidhi, hakuna atakayeelezea kazi yake mwenyewe. Kila mmoja ataelezea kazi ya mwenzake, na mwenzake atakaa mbele yake mdomo umefungwa. Aseme mwenzake alifanya nini, kwa nini alikifanya, na kilimgharimu nini. Msemaji akimaliza, mwenye kazi ana ruhusa ya neno moja kati ya mawili: ndivyo, au bado. Akisema bado, msemaji anaanza upya.

Fundi akapangiwa Mkimya, na Mkimya akapangiwa Fundi. Hapo niligonga ukuta kumwuliza kama ana akili timamu.

Mwanzoni walikaa wakitazamana kama mashahidi wa pande mbili za kesi. Lakini mtu hawezi kuelezea kazi asiyoijua. Fundi akalazimika kuuliza, na ndipo alipojua kwamba Mkimya alikuwa akienda zahanati kila asubuhi kabla ya vipindi, akikaa benchini pamoja na wagonjwa. Kwa lugha yake hiyo ya kuokoteza alikuwa amejua mengi kuliko kikundi kizima: nani anaogopa sindano, nani anaona haya kutaja ugonjwa wake mbele ya watu, nani hajui kusoma na hataki ijulikane. Alikuwa na hayo yote, na hapakuwa na aliyemwuliza asubuhi huwa wapi. Mkimya naye akalazimika kwenda karakana. Akashikishwa msumeno, akaharibu mbao mbili, akaelewa mtu hujisikiaje kazi yake ikimwagwa mezani kutoka kwenye mfuko.

Wazo la pili lilizaliwa huko huko karakana. Vibao visivyo na rangi yoyote, mbao tupu iliyolainishwa, vyenye maumbo ya vitu vya kawaida. Safari hii kila umbo lilipelekwa benchini kwanza kuulizwa lina maana gani. Kisu kilikataliwa na wote. Ndege alikataliwa na bibi mmoja aliyesema kwamba ndege huruka akaenda zake, na yeye alikuwa na nia ya kubaki. Kijiko, jani na kikombe vilipita. Aliyezidiwa akapewa ufunguo, kwa kuwa ufunguo hufungua mlango, na katika watu wote walioulizwa hakupatikana aliyeona ubaya ndani ya ufunguo.

Siku ya kukabidhi, mbele ya Mkuu wa Idara na muuguzi, Mkimya alisimama. Kiswahili chake hakikuwa kimetimia, lakini hakuna neno lililopotea.

“Mwenzangu alikata vibao mara mbili,” alisema. “Mara ya kwanza vilikataliwa kwa sababu mimi nilijua, nikanyamaza. Viganja vyake viliumia bure, na aliyeviumiza ni mimi kwa kimya changu. Mara ya pili aliniuliza kabla ya kila kimoja.”

Fundi alikuwa amekaa na mikono magotini. Alivifumbua viganja vyake, akavitazama. Kisha alisema ndivyo. Zamu yake ilipofika ya kumwelezea Mkimya, aliambiwa bado, akaanza upya, akaambiwa bado tena, kwa kuwa alikuwa anamsifu badala ya kumweleza. Mara ya tatu alipatia. Muuguzi alivichukua vibao siku hiyo hiyo, na vingine viko zahanati mpaka leo, vimeng'aa kwa kushikwa. Mkimya hakurudi kwao. Somo likabaki.

Tangu hapo Chumba Namba Tisa kimetoa kazi nyingi ambazo mnazipita kila siku bila kujua zilikotoka. Benchi lililo nje ya maktaba, ambalo lina sehemu ya kivuli saa zote za mchana, ni la Chumba Namba Tisa. Ngazi ya bweni yenye kishikio cha chini kwa watoto wa wafanyakazi ni ya Chumba Namba Tisa. Idara nyingine tatu zimeiga kanuni ya kusemea mwenzio, mojawapo ikiwa yangu, na wanafunzi wa takwimu wakielezea hesabu za wenzao hugundua makosa ambayo mimi nilikuwa nayakuta kwenye mtihani. Shangazi aliwahi kuwa Naibu Mkuu wa Idara kwa miaka miwili. Akaomba aachiwe, akisema kwamba vikao ni vingi mno na havina mtu wa kusema bado.

Kanuni hiyo aliipeleka hadi nyumbani. Mume wake, mpima ardhi aliyestaafu kabla yake, ametulalamikia zaidi ya mara moja. Anasema kwamba katika nyumba yao mtu haruhusiwi kugombana mpaka kwanza aeleze hoja ya mwenzake hadi mwenzake akiri kwamba ndivyo, na kwamba kwa utaratibu huo amepoteza ugomvi mwingi ambao alikuwa na haki ya kushinda. Binti yao alipoleta mchumba, bwana harusi mtarajiwa aliambiwa aeleze kwa nini mama mkwe ana wasiwasi naye. Alieleza vizuri kupita kiasi. Sasa ni baba wa wajukuu wao wawili, na inasemekana ndiye mkwe pekee anayeweza kumwambia Shangazi bado na akamaliza chakula chake kwa amani.

Sasa nirudi kwenye rasimu ya ratiba.

Fundi, wengi mnamjua, leo ndiye mkuu wa karakana ya chuo. Mkimya alifanya kazi hospitalini miaka mingi akielimisha wagonjwa, kisha akarudi, na ni mhadhiri katika Idara ya Elimu. Jina la Mkimya amebaki nalo kwa utani, kwa kuwa siku hizi akianza kusema ni vigumu kupata pa kuingilia. Juma moja baada ya kikao cha kuangalia viatu, wawili hao waliingia pamoja kwa Mkuu wa Idara wa sasa wakaomba wapewe somo, walifundishe wote wawili. Hakuna aliyewatuma. Kamati ya Taaluma ikakubali kuja kuona kipindi kimoja cha majaribio kabla ya kuamua. Shangazi aliruhusiwa kuwepo kwa sharti lake mwenyewe, mdomo umefungwa.

Kipindi hakikuanza vizuri. Kikundi kilichokuwa mezani kilikuwa na mradi wa mama dobi wa mabweni, ambaye kabati lake limejaa nguo zisizofuatwa na wenyewe. Wanafunzi waliamua kufunga kipaza sauti barazani na kuwaita kwa majina wote waliochelewa. Walilipenda wazo lao. Watano walisema kwa mpigo, na wa sita, mgeni wa muhula huo, alikuwa akichora duara kwenye meza kwa kidole. Wajumbe wa kamati wakaanza kutazama saa. Shangazi alimwona yule wa sita kabla ya wengine wote, kama mnavyomjua, na alijua pia kwamba hana ruhusa ya kusema. Aliinuka akatoka, akaingia chumbani kwangu.

“Jirani,” aliniambia, “nikikaa mle nitasema.”

Tukakaa wawili upande huu wa ukuta, yeye ameushika mgongo wa kiti changu. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hii, ndiye aliyekuwa akisikiliza kutokea kwangu. Tulisikia watano wakiendelea. Tulisikia mjumbe akikohoa. Kisha tukasikia sauti ya Fundi, ya taratibu, ikiuliza kama kuna mtu mezani ambaye hajaulizwa. Pakapita kimya kirefu, na Mkimya hakukijaza. Mtu yeyote mwingine angekijaza. Shangazi alifumba macho.

Hatimaye tukasikia sauti mpya, ya chini, yenye lafudhi ya mbali. Yule wa sita alisema kwamba yeye huitwa kwa jina la baba yake. Wakiliita jina la baba yake barazani kwa ajili ya nguo chafu, watu wote wasikie, nguo hizo hatakwenda kuzichukua maisha. Pakawa na zogo, viti vikasukumwa, na baadaye tuliambiwa kwamba mwenyekiti wa kamati aliinuka akidhani watapigana. Hawakupigana. Mmoja wa wale watano alikuwa anamweleza mgeni maneno yake mwenyewe, kwa kujikwaa, aone kama ameyaelewa. Akaambiwa bado. Akaanza upya.

Shangazi alikuwa analia, bila kujificha. Nikampa kitambaa cha kufutia ubao, maana ndicho nilichokuwa nacho, na akarudi mle ndani na chaki usoni.

Mwisho wa kipindi mwenyekiti alisema kwamba kamati itakwenda kujadili. Mkimya alimwomba kwanza aeleze, kwa kanuni ya chumba hicho, somo hili linafanya kazi gani, mwenye kazi akiwa amekaa pale akimsikiliza. Mwenyekiti si mtu wa kushindwa na swali. Alisimama akasema kwamba linafundisha wanafunzi wa asili mbalimbali kufanya kazi pamoja.

Kila mtu alimgeukia Shangazi. “Bado,” alisema.

Mwenyekiti alivua miwani. Alimtazama yule mgeni, ambaye sasa alikuwa anachora kitu karatasini na wenzake wameinamia karatasi hiyo.

“Linamfundisha mtu aseme mapema,” alisema, “kabla mwenzake hajaumia kwa kimya chake. Na linamfundisha huyo mwingine aulize.”

“Ndivyo,” alisema Shangazi.

Kamati haikuhitaji muda mrefu. Somo la Miradi limerudi kwenye ratiba, chumba ni kilekile, walimu ni wawili. Tayari wamegombana kuhusu nani akae karibu na dirisha, na tayari kila mmoja amelazimishwa kuitetea haki ya mwenzake.

Shangazi, nilipokusomea maneno haya kwa mara ya kwanza ulinijibu kwa maneno ya yule mzee wa zahanati, nikarudi kuyaandika upya. Sasa yamesomwa mbele ya watu wote, nawe umekaa kiti cha mbele mdomo umefungwa, kama ulivyowakalisha wengine. Ufunguo wa chuma utaukabidhi kwa wenzako tarehe thelathini, pamoja na maelekezo ya goti na bega. Badala yake Fundi amekukatia ufunguo mwingine, wa mbao, na Mkimya ameupiga msasa kwa mkono wake. Unajua maana yake, kwa sababu benchi zima liliulizwa. Aliye na ufunguo hangoji foleni. Siku yoyote utakayojisikia kuja, mlango wa Chumba Namba Tisa ni wako, na nitaacha njugu mezani.

Tunakushukuru kwa vijana uliowafundisha kusikilizana, na kwa sisi wazee uliotufundisha kwa kupitia ukuta. Mungu akupe afya, akupe asubuhi zisizo na kengele, akupe wajukuu wenye maswali, na amjalie mume wako ashinde angalau ugomvi mmoja. Hivi ndivyo tulivyoiona kazi yako, kwa nini uliifanya, na ilikugharimu nini. Tumemaliza kusema. Zamu ya neno moja sasa ni yako.